Askofu Aliyekuwa Meja: Maisha ya Frank Weston wa Unguja

Kila askari aliyepata kulala kambini anaujua mjadala huu. Jua likishatua na zamu zikishapangwa, watu huketi chini ya mti, na katikati ya mazungumzo ya mshahara na mpira huzuka swali la zamani: Je, Yesu ni Mungu, au ni mtume wa Mungu? Na kama Baba ni Mungu, na Mwana ni Mungu, na Roho Mtakatifu ni Mungu, yawezekanaje Mungu akawa mmoja? Hapa Juba, ambako Mkristo na Mwislamu hushika lindo moja na kula sinia moja, swali hilo si geni. Hatukusudii kulijibu katika ukurasa huu. Kazi hiyo ina wenyewe. Twataka kusimulia maisha ya mtu aliyelibeba swali hilo umri wake wote, na ambaye naye alipata kuvaa cheo cha jeshi.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba mjadala huu ulipamba moto kando ya mto wetu wenyewe. Maji yapitayo Juba huishia katika bahari karibu na mji wa Alexandria. Katika mji huo, mwanzoni mwa karne ya 4, padri Arius alifundisha kwamba Mwana aliumbwa na Baba na kwamba hakuwapo tangu milele. Maaskofu wakakutana Nicaea mwaka 325 wakamkatalia, wakakiri kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba. Athanasius, aliyehudhuria mkutano ule akiwa shemasi, baadaye akawa askofu wa Alexandria, na kwa kuitetea kauli ile alifukuzwa kutoka kiti chake mara 5. Karne ya 7 ukaja Uislamu, unaomheshimu Nabii Isa bin Mariamu na kukubali kwamba mama yake alikuwa bikira, lakini unaokataa katakata kwamba Mwenyezi Mungu ana mwana au mshirika. Imani hizo mbili zilikutana pia katika visiwa vya pwani yetu ya Afrika Mashariki, na huko ndiko anakoingia mtu wetu.

Frank Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma dini katika chuo cha Trinity huko Oxford, chuo ambacho jina lake ndilo hilo la Utatu, akafuzu katika daraja la kwanza. Alifanya kazi katika mitaa ya maskini ya mashariki ya London, na mwaka 1898 akasafiri kwenda Unguja kuitumikia misheni ya UMCA. Kanisa kuu la misheni hiyo lilikuwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Weston alianzisha chuo cha kufundishia mapadri wenyeji, kisha akaongoza chuo cha Kiungani kuanzia mwaka 1901. Aliwafundisha vijana kwa Kiswahili, akaishi nao na kuwasikiliza. Mwaka 1908 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake haikuishia kisiwani. Ilivuka hadi bara, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, kuanzia Magila karibu na Muheza hadi Masasi upande wa kusini.

Mtu anayehubiri Utatu mbele ya watu wa tauhidi hawezi kuridhika na majibu ya kukariri. Wapinzani wa Uungu wa Yesu walikuwa na aya za kuonyesha kutoka katika Injili yenyewe. Yesu aliona njaa, alichoka, alilia, aliomba. Katika Injili ya Marko alisema kwamba saa ya mwisho haijui Mwana bali Baba peke yake, na katika Injili ya Yohana alikiri kuwa Baba ni mkuu kuliko yeye. Wakristo nao walifungua mwanzo wa Yohana, ambapo Neno aliyekuwako tangu mwanzo anaitwa Mungu, na mahali ambapo Tomaso anamwita Yesu Bwana wake na Mungu wake. Mwaka 1907 Weston alitoa kitabu kinachoitwa The One Christ ili kuzipatanisha aya hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwana wa Mungu hakuuacha Uungu wake alipozaliwa, bali kwa hiari yake alijiwekea mipaka, akaishi na kujua na kutenda ndani ya kadiri ya ubinadamu alioutwaa.

Sisi wa jeshini twaweza kujitafutia mfano wetu. Tuchukue ofisa anayeamua kutembea mwendo mrefu pamoja na kuruta wake. Anabeba mzigo uleule, anakunywa maji kwa kipimo kilekile, wala hamtumi mtu ambebee. Cheo chake hakijavuliwa. Hakitumii tu kujipunguzia taabu. Mfano huu haufiki mwisho wa fumbo, na Mwislamu atasema haki yake kwamba Mungu hafanani na ofisa yeyote. Lakini walau unaonyesha Weston alikusudia nini.

Alikuwa mkali kwa wenzake wa dini moja. Mwaka 1912 wasomi wa Oxford, chini ya B. H. Streeter, walitoa kitabu Foundations, ambacho Weston alikiona kuwa kinaitikisa imani ya kale juu ya Kristo. Mwezi Juni 1913 wamisheni wa Kiprotestanti walikutana Kikuyu, Kenya, wakapanga umoja wa makanisa yao, wakamaliza kwa ibada ya Ushirika iliyoongozwa na Askofu Peel wa Mombasa, ambayo wasio Waanglikana walishiriki. Weston akamwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi. Habari hiyo ilizua kishindo Uingereza nzima. Mwaka 1915, Askofu wa Hereford alipompa Streeter cheo kanisani, Weston alitangaza kuwa dayosisi ya Zanzibar haina ushirika tena na dayosisi ile. Wengi walimwona mgomvi, na hatuwezi kusema walikosea kabisa. Hata hivyo alishtaki waziwazi na kwa jina lake mwenyewe, na shauri lilipokatwa kinyume cha matakwa yake hakulikimbia Kanisa. Mwaka 1918 alirudi Kikuyu kuzungumza na watu walewale aliowashtaki.

Wakati huo vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha kuikata dayosisi yake vipande viwili: kisiwa chini ya Waingereza, bara chini ya Wajerumani. Wamisheni wake waliokuwa bara walizuiliwa, na mapadri na walimu Waafrika wakafungwa na kuteswa. Mwaka 1916 jeshi la Uingereza lilihitaji wapagazi kutoka Unguja, na Weston akajitolea kuwaongoza. Akapewa cheo cha meja. Alitembea na wapagazi wake katika njia ya pwani kutoka Bagamoyo kuelekea Dar es Salaam, mji ulioangukia mikononi mwa Waingereza mwezi Septemba mwaka ule.

Askari anayesoma habari hizi anajua jeshi haliendi bila chakula na risasi, na katika vita vile vitu hivyo vilibebwa kichwani. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi katika Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Makaburi yao hayajulikani. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, na kwa watu wengi ndilo kumbukumbu pekee iliyobaki. Tukisema kweli, askofu yule aliitumikia vita ya mabeberu wawili waliogombania ardhi isiyo yao. Lakini aliwaona wabeba mizigo kwa macho yake, na baada ya hapo hakunyamaza.

Vita vilipokwisha, serikali ya Kenya chini ya Gavana Northey ilitoa waraka mwaka 1919 ukiwataka maofisa na machifu wahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kuhimiza huko kulimaanisha nini. Weston akatoa kijitabu mwaka 1920, kiitwacho The Serfs of Great Britain, akaishutumu serikali ya nchi yake kwa kuwageuza raia kuwa watwana. Wengine pia walipinga, na mwaka 1921 serikali ya London iliagiza kwamba maofisa wasitumike tena kuwatafutia walowezi vibarua.

Hapa ndipo tunapoona kwamba mjadala wake wa Utatu haukuwa mchezo wa maneno. Kwa Weston, kama Mungu alitwaa mwili wa binadamu maskini, basi mwili wa mpagazi na wa kibarua haukuwa tena kitu cha kudharauliwa. Mwezi Julai 1923, akiwa mwenyekiti wa mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, aliwaambia wale waliomshangilia kwamba hawana haki ya kumsujudia Kristo altareni kama hawamtafuti katika vichochoro, miongoni mwa wenye njaa na walioonewa.

Mwaka huohuo 1923 Godfrey Dale, padri wa misheni ileile, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, yenye maelezo ya kuitetea imani ya Kikristo. Masheikh wa pwani hawakuridhika nayo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza kuandika tafsiri yake, na mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Unguja. Hivyo mjadala ukawazalia Waswahili vitabu badala ya majeraha.

Frank Weston alifariki tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, Magila, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa hukohuko. Mwislamu bado anasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na Mkristo bado anakiri Nafsi tatu katika Mungu mmoja. Hakuna aliyemshinda mwenzake, wala si kazi ya bunduki kuamua.

Ndugu askari, mjadala utaendelea chini ya mti, nasi hatuna haja ya kuuzima. Tunachoomba ni kwamba anayetaka kubishana juu ya Yesu ajiulize kwanza jana alimtendeaje raia aliyemsimamisha kizuizini, au mama aliyebeba kuni kichwani kando ya barabara. Mkristo na Mwislamu, kila mmoja kwa imani yake, atadaiwa jibu la swali hilo.