Nagelmackers, Mbelgiji aliyevusha kitanda mipakani

Mfanyabiashara aliyewahi kuamshwa ndani ya basi saa nane za usiku, akashuka na mizigo yake kwenda kugonga muhuri Malaba au Namanga, ataielewa Ulaya ya miaka ya 1860 bila kuelezwa sana. Reli zilikuwa nyingi, lakini kila nchi ilikuwa na kampuni zake, tiketi zake na hata saa yake ya ukutani. Ukifika mpakani unashuka, unakaguliwa, kisha unatafuta treni nyingine upande wa pili. Georges Nagelmackers alitumia maisha yake yote kupambana na usumbufu huo. Zulia, mvinyo na vioo vilivyoipa sifa treni yake ya Orient Express vilikuja baadaye.

Alizaliwa mwaka 1845 mjini Liège, Ubelgiji, katika ukoo wa wenye benki waliokuwa karibu na ikulu. Alisomea uhandisi. Akiwa kijana alimpenda binamu yake aliyemzidi umri, naye binamu hakumtaka. Kwetu huenda angepelekwa kijijini kwa mjomba hadi moyo upoe. Wazazi wake walikuwa na fedha, wakampeleka Marekani.

Huko alipanda mabehewa ya kulala ya George Pullman. Vitanda vilipangwa pande mbili za njia ya kupita, na kati ya msafiri na mgeni asiyemjua palikuwa na pazia tu. Nagelmackers alikipenda kitanda, pazia hakulipenda. Aliamini tajiri wa Ulaya angelipia chumba chenye mlango. Lakini Pullman alikuwa akifanya kazi ndani ya nchi moja, na Ulaya behewa la namna hiyo lingekwama kwenye mpaka wa kwanza.

Mpango aliokuja nao nyumbani ulikuwa mwepesi kueleza. Yeye angemiliki mabehewa, wahudumu, mashuka na chakula, na kampuni za reli zingeyavuta kwa injini zao. Nauli ya kawaida ingebaki kwa kampuni ya reli, na nyongeza ya kitanda ingekuwa yake. Ni kama mtu mwenye tela nzuri asiyemiliki kichwa cha lori hata kimoja, anayeishi kwa kupatana na wenye vichwa. Ugumu ulikuwa kwenye kupatana. Safari moja ndefu ilihitaji saini za wakubwa wa reli wa falme kadhaa, ambao wengi wao hawakuaminiana.

Aliuchapisha mpango huo mwaka 1870. Mwaka huohuo Ufaransa na Prussia zikaingia vitani, na njia ya Paris hadi Berlin aliyokuwa akiitegemea ikafungwa na mizinga.

Mwaka 1872 alianzisha kampuni mjini Liège akiwa na mabehewa machache madogo ya magurudumu manne. Mikataba ilikuwa ya majaribio, mtaji ukapungua. Aliyemwokoa ni Mmarekani, Kanali William d'Alton Mann, aliyekuja na fedha na ramani zake za mabehewa. Mwaka 1873 waliungana, na kampuni ikabeba jina la Mann. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote katika maisha yake: mtoto wa benki akawa msaidizi katika biashara aliyoibuni mwenyewe. Alivumilia, akaendelea kukusanya saini, reli moja baada ya nyingine.

Desemba 1876 Mann aliuza sehemu yake, na ikaundwa kampuni mpya mjini Brussels, Compagnie Internationale des Wagons-Lits, yaani kampuni ya kimataifa ya mabehewa ya kulala. Mfalme Leopold II aliiunga mkono, na jina la mfalme lilifungua milango mingi ambayo barua za Nagelmackers hazikuifungua. Ni Leopold yuleyule ambaye mwaka 1885 aliifanya Kongo mali yake binafsi, na ambaye utawala wake wa mpira na viboko ulimwaga damu nyingi. Wanaosimulia habari za treni hii hulipita jambo hilo upesi. Msomaji wetu wa Bukavu hawezi kulipita hivyo.

Tarehe 4 Oktoba 1883, jioni, treni ya kwanza iliondoka Paris. Ilikuwa na mabehewa mawili ya kulala, moja la chakula na mengine ya mizigo, na ndani yake walikuwamo waandishi wa habari, kwa kuwa Nagelmackers alijua thamani ya habari njema. Njiani behewa la chakula lilipata joto kwenye ekseli, likabadilishwa Munich. Wakapita Vienna, Budapest na Bucharest.

Lakini behewa halikufika mwisho wa safari. Giurgiu, kando ya mto Danube, abiria walishuka wote, wakavuka kwa chombo hadi Bulgaria, wakapanda treni nyingine hadi Varna, kisha meli juu ya Bahari Nyeusi hadi Konstantinopoli, Istanbul ya leo. Kwa sifa zote zilizoandikwa kuhusu safari ile, ahadi ya kutoshuka ilikuwa bado. Ilimchukua miaka 6 zaidi. Reli ilipoungana mwaka 1889 kupitia Serbia na Bulgaria, msafiri aliweza kulala Paris na kuamkia Konstantinopoli katika behewa lilelile, kwa saa zisizofika 70. Na hata hivyo njia haikuwa salama: mwaka 1891 majambazi waling'oa reli karibu na Çerkezköy, wakateka Wajerumani kadhaa na kulipwa fidia.

Kampuni ikasambaa: Lisbon, Roma, St Petersburg. Urusi ilimshinda kidogo, maana reli zake ni pana kuliko za majirani na gurudumu halijui mkataba; mpakani abiria walihamia treni nyingine. Ilijenga pia hoteli, Pera Palace ya Istanbul ikiwa mojawapo. Mwaka 1900, katika michezo iliyofanyika Paris sambamba na maonyesho makubwa ya dunia, Nagelmackers mwenyewe aliendesha gari la farasi wanne na kushika nafasi ya kwanza.

Alifariki dunia Julai 1905 karibu na Paris, akiwa na miaka 60. Miaka 9 baadaye vita kuu vilifunga mipaka aliyohangaika kuivuka, na treni zake zikasimama. Novemba 1918, majenerali walipohitaji mahali pa kutia saini ya kusitisha mapigano, walikutana msituni Compiègne ndani ya behewa la chakula namba 2419, mali ya kampuni yake.