Walther Dobbertin, mpiga picha wa Dar es Salaam ya Wajerumani

Picha nyingi za Dar es Salaam ya enzi za Wajerumani zilipigwa na Walther Dobbertin. Alizaliwa mwaka 1882, akaja koloni la Afrika Mashariki akiwa bado kijana, akaifanya kamera kuwa kazi yake. Mjini tayari lilisimama Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililokamilika mwaka 1902 mbele ya bandari, lenye mnara mrefu na madirisha yaliyochongoka juu kwa mtindo wa Kigothi. Picha za majengo ya aina hiyo ziliuzwa kama kadi za posta, na Wazungu wakawatumia ndugu zao kwao.

Lakini zenye uzito zaidi ni zile za Vita Kuu ya Kwanza: askari Waafrika na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Wengi wao hawakuandikwa majina. Wapagazi wa upande wa Waingereza, kikosi cha Carrier Corps, angalau waliacha jina la Kariakoo.

Mwaka 1932 Dobbertin alichapisha Ujerumani kitabu cha picha za askari hao. Alifariki 1961, mwaka Tanganyika ilipopata uhuru.

Leo picha za enzi hizo huuzwa Ulaya minadani. Iliyosafishwa na mpiga picha mwenyewe wakati ule huwa ghali kuliko nakala ya baadaye. Msikilizaji, wewe huna haja ya kununua: Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani imeweka mtandaoni nyingi za Dobbertin, na kuzitazama kwenye simu ni gharama ya bando tu.