Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Sehemu ya Bustani Isiyolimwa

Kila mwaka tarehe 4 Oktoba Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na siku hiyo hufunga Kipindi cha Kazi ya Uumbaji kinachoanza tarehe 1 Septemba. Wengi wetu tunamfahamu kama mtakatifu wa ufukara, wa pango la Noeli na wa ndege. Ni wachache wanaokumbuka kwamba aliacha pia fundisho kuhusu bustani ya nyumbani. Fundisho hilo linamfaa hata mwamini anayeishi katikati ya Jiji la Dar es Salaam, ambako ardhi ni haba na kila kipande chake kina bei.

Mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa

Fransisko alizaliwa Asizi, katika Italia ya kati, mwaka 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa tajiri wa vitambaa. Kijana alikulia dukani, akajifunza kupima nguo, kupatana bei na kumvuta mteja. Wakazi wa Kariakoo wanaijua shule hiyo, kwa maana katika Mtaa wa Kongo na mitaa ya jirani wapo wengi waliokulia nyuma ya meza za vitenge na khanga. Fransisko alikuwa hodari katika kuuza, na hodari zaidi katika kutumia fedha pamoja na rafiki zake.

Mwaka 1202 alikwenda vitani dhidi ya mji wa Perugia, akatekwa na kufungwa muda wa mwaka mmoja hivi. Alirudi nyumbani mgonjwa, na moyo wake ukaanza kubadilika. Akiwa anasali katika kikanisa kibovu cha Mtakatifu Damiano, alitambua kwamba Kristo Msulubiwa anamwita alitengeneze Kanisa lake. Alichukua vitambaa vya baba yake, akaviuza katika mji wa Foligno pamoja na farasi aliyempanda, akaleta fedha ili kikanisa kikarabatiwe. Baba yake alikasirika, akamshtaki. Mwaka 1206, mbele ya Askofu Guido na umati wa watu, Fransisko alirudisha fedha, akavua hata nguo alizovaa, akamkabidhi baba yake.

Tangu siku hiyo mtoto wa duka aliacha kupima vitu kwa faida vinavyoleta. Tusipolishika jambo hili, mapendo yake kwa wanyama na maua yataonekana kuwa hisia tamu tu za mtu mpole. Kumbe yalitoka katika uongofu huo huo: alipokoma kuuliza kitu kina bei gani, ndipo alipoanza kuona kimetoka kwa nani.

Ndugu wa viumbe wote

Wenzake wa kwanza walijiunga naye, na mwaka 1209 Papa Inosenti III aliikubali kwa mdomo kanuni yao ya maisha. Makao yao yalikuwa kwenye kikanisa cha Maria Mtakatifu wa Malaika, kiitwacho Porsiunkula. Mwaka 1212 Klara wa Asizi alifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1219 Fransisko alisafiri hadi Misri wakati wa vita, akakutana kwa amani na Sultani Malik al-Kamil. Noeli ya mwaka 1223 aliandaa pango pale Greccio, na Septemba 1224, katika mlima La Verna, alipokea Madonda Matakatifu.

Katika safari zake zote viumbe wadogo hawakumpita macho. Karibu na Bevagna aliwahubiria ndege. Alipokuta mnyoo njiani, alimwokota na kumweka pembeni asije akakanyagwa. Siku moja alikutana na mtu anayekwenda sokoni akiwa amening'iniza begani wana-kondoo wawili waliofungwa kamba. Alipoambiwa kwamba watauzwa na kuchinjwa, alivua joho lake akamlipa mtu yule, kisha akamrudishia wana-kondoo hao ili awatunze.

Bustani ya watawa na asali ya nyuki

Tomaso wa Celano, mwandishi wa kwanza wa maisha yake, ametuachia habari tatu zinazohusu bustani moja kwa moja.

Ya kwanza ni agizo kwa ndugu mtunza bustani. Fransisko alimwambia asiilime ardhi yote kwa ajili ya mboga. Kingo za bustani ziachwe bila kuguswa na jembe, ili majani na maua yaote kwa wakati wake na kutangaza uzuri wa Baba wa vitu vyote. Tena itengwe sehemu ndogo kwa ajili ya mimea yenye harufu nzuri na maua, ili anayeitazama akumbuke utamu wa milele.

Ya pili inahusu kuni. Ndugu walipokwenda kukata miti, aliwakataza kuung'oa mti mzima, ili kisiki kibaki na tumaini la kuchipua tena.

Ya tatu ni ya nyuki. Majira ya baridi ya Italia ni makali na maua hukosekana, hivyo Fransisko alitaka nyuki wapelekewe asali na divai nzuri wasije wakafa.

Tukumbuke kwamba watawa hao walikuwa ombaomba. Waliishi kwa kazi za mikono na kwa sadaka waliyoomba mlango kwa mlango, na kila tuta la mboga lilikuwa chakula chao. Hata hivyo, mwanzilishi wao alitaka sehemu ya udongo isiwaletee chochote mezani, na chakula kizuri wapewe wadudu. Fukara aliye huru aweza kuwa mkarimu kuliko tajiri anayehesabu kila inchi.

Mwaka 1225 Fransisko alikuwa karibu kipofu. Madaktari walikuwa wamejaribu, au walikuwa wanakusudia, kumtibu kwa chuma cha moto, nao mwili wake ulikuwa umechoka kabisa. Katika giza hilo, akiwa amelala kibandani pale Mtakatifu Damiano, alitunga utenzi wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya viumbe, vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuweza tena kuviona vizuri. Alifariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, akilazwa juu ya ardhi tupu kama alivyoomba. Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu mwaka 1228. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa msimamizi wa wahifadhi wa mazingira, na mwaka 2015 Papa Fransisko, katika Waraka wa Laudato Si', aliikumbuka bustani ile yenye sehemu isiyolimwa.

Bustani ya uani kwetu

Jimbo letu lina undugu wa pekee na mtakatifu huyu. Tangu mwaka 1921 utume wa Dar es Salaam ulikabidhiwa kwa Ndugu Wadogo Wakapuchini kutoka Uswisi, watoto wake wa kiroho, na mmoja wao, Askofu Mkuu Edgar Maranta, aliliongoza Kanisa la hapa hadi mwaka 1968. Urithi wao tumeupokea katika parokia, shule na zahanati. Tunaweza kuupokea pia uani.

Zamani nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilikuwa na ua nyuma, mahali pa kupikia, kufulia na kuotesha mti mmoja au miwili. Nyumba nyingi zimekwisha kuwa maghorofa, na ua umekuwa stoo. Lakini kibaraza, ngazi ya juu au paa bado vinaweza kubeba kopo la rangi lililokwisha au beseni lililopasuka.

Panda mrehani, na ukisha kuchuma wa kutosha, acha vikonyo kadhaa vitoe maua: nyuki watavifuata. Mndimu mmoja katika pipa utamlea kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Viwavi wake hula majani ya mndimu, na wakiwa wachanga hufanana na kinyesi cha ndege, basi usiharakishe kuwaua. Chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, hufyonza maua hata katikati ya mji. Mwenye nafasi ya kupanda mboga ataona kwamba boga halizai pasipo chavua kubebwa kutoka ua dume hadi ua jike, na kazi hiyo hufanywa hasa na nyuki. Kwa hiyo usinyunyize dawa ya wadudu wakati wa maua.

Busara nayo ni fadhila. Maji ya kisahani cha ndege yabadilishwe mara kwa mara yasizalishe mbu. Mzinga wa nyuki wakali haufai katika nyumba ya wapangaji wengi. Kundi la nyuki likitua karibu, aitwe mfugaji wa nyuki mwenye ujuzi badala ya kulichoma moto.

Jirani anaweza kuuliza kopo lile la maua linaingiza nini. Pietro di Bernardone angeuliza vivyo hivyo. Mwanawe alikwisha kujibu kwa maisha yake: si kila alichotupatia Mungu ni cha kuuza au cha kula, na familia inayomwachia nyuki nafasi ndogo huwafundisha watoto wake kwamba dunia hii wameipokea kama zawadi.

Mtakatifu Fransisko wa Asizi, utuombee.