Luigi Broglio: Mtaliano aliyepima hewa ya anga la juu kutoka pwani yetu

Mvuvi wa Tanga anayerudi usiku kwa GPS anategemea mawimbi ya redio yanayopita kwenye hewa asiyoiona, mamia ya kilomita juu ya kichwa chake. Hewa hiyo haitulii. Jua likichafuka, nayo inachafuka. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kuipima alikuwa profesa wa Kiitaliano, Luigi Broglio, na alifanyia kazi hiyo kwenye bahari hii hii yetu.

Mahali penyewe ni Ngomeni. Siyo ile ya Muheza, bali ya Kenya, kaskazini mwa Malindi. Kutoka Tanga mjini ni kama kilomita 260 kwa mstari ulionyooka.

Mhandisi na jenerali

Broglio alizaliwa Mestre, jirani na Venice, tarehe 11 Novemba 1911. Alisomea uhandisi Roma, akaingia jeshi la anga la Italia na kupanda hadi ujenerali. Huku akifundisha, aliongoza pia shule ya uhandisi wa anga ya Chuo Kikuu cha Roma.

Mwaka 1961 timu yake ilirusha roketi ndogo kutoka kisiwa cha Sardinia kuchunguza anga la juu. Roketi za namna hiyo hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Yeye alitaka kitu kitakachokaa huko juu kwa miezi.

Mwaka 1962 Italia na Marekani zikakubaliana: Marekani itoe roketi za Scout na mafunzo, Italia itengeneze setilaiti na kituo cha kurushia. Mradi ukaitwa San Marco.

Mizani ndani ya tufe

Hapa ndipo ubunifu wake ulipoonekana. Hewa ya huko juu ni nyembamba mno, utaipimaje? Njia ya kawaida ilikuwa kuangalia setilaiti inavyopunguza kasi kwa siku kadhaa, kisha kupiga hesabu. Jibu lilichelewa, na mabadiliko ya ghafla yalipita bila kuonekana.

Broglio akabuni mizani. Setilaiti yake ilikuwa na ganda jepesi nje na kiini kizito ndani, vimeunganishwa kwa mikono inayonepa kama springi. Hewa ikiligonga ganda, linasogea kidogo likilinganishwa na kiini. Msogeo huo mdogo unapimwa papo hapo na kutumwa ardhini kwa redio.

San Marco 1, tufe la upana wa sentimita 66, ilirushwa na timu ya Waitaliano kutoka Wallops, Marekani, tarehe 15 Desemba 1964.

Kwa nini Ngomeni?

Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni bahari tupu. Roketi ikianguka, haimwangukii mtu.

Majukwaa mawili ya chuma yakasimamishwa baharini: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea. Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikaruka na kuanza kuzunguka juu ya ikweta. Ilipima uzito wa hewa na namna tabaka la chembe zenye umeme, yaani ionosfia, linavyoathiri redio za masafa marefu.

Haikudumu. Hewa ile ile iliyokuwa ikiipima iliivuta chini taratibu, na Oktoba mwaka huo huo ikaangamia. San Marco 3 ilifuata 1971, na ya nne 1974.

Jua likichafuka

Dhoruba ya jua ikifika, hewa ya juu hupata joto na kuvimba kama maandazi kwenye mafuta. Pale setilaiti ilipokuwa ikipita kwenye hewa nyembamba, sasa inakuta nzito zaidi, inavutwa na kushuka. Ionosfia nayo huvurugika: redio ya mawimbi mafupi hukatika, na GPS huweza kukosea.

Kwetu ukanda wa ikweta kuna jambo la ziada. Hata bila dhoruba, baada ya magharibi ionosfia huweza kupata mapovu yanayofanya mawimbi ya setilaiti yayumbe.

Na hasara yake si ndogo. Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 za Starlink. Dhoruba ikafanya hewa kuwa nzito, na karibu 40 kati yake zikapotea. Kumbe hesabu aliyokuwa akiitafuta Broglio miaka ya 1960 bado ina bei leo.

Miaka ya mwisho

Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka Ngomeni, na zote zilifika. Mojawapo ni Uhuru, iliyoruka tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani.

Broglio alitaka kazi iendelee kwa roketi kubwa zaidi, lakini mpango huo haukufika mbali. San Marco 5, ya Machi 1988, ikawa ya mwisho. Alifariki tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89.

Kituo kilichoko ufukweni sasa kinaitwa kwa jina lake. Roketi haziruki tena, lakini antena zake bado zinapokea mawimbi ya setilaiti, yakipita kwenye hewa ile ile aliyotumia maisha yake kuipima.