Edmund Kells: Daktari wa meno aliyepoteza mkono kwa mionzi ya eksirei

Na Mwandishi Wetu

Mashine za eksirei za meno zinazobebwa mkononi zimeiwezesha huduma ya kinywa kuwafikia wagonjwa wasioweza kusafiri. Maisha ya Dkt. Charles Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, yanaonesha kwa nini mashine hizo zinahitaji uangalifu.

Kells alizaliwa mwaka 1856. Alihitimu udaktari wa meno New York mwaka 1878, kisha akarejea kutibu katika mji wake, ambako alijulikana kwa ubunifu wa vifaa vya tiba. Wilhelm Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mwishoni mwa mwaka 1895, Kells hakukawia. Mwaka 1896 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza nchini Marekani kupiga picha ya meno ya mgonjwa aliye hai, na mwaka huo huo aliwaonesha madaktari wenzake kazi hiyo mjini Asheville.

Mirija ya wakati huo haikuwa na kinga. Ili kuirekebisha, mtaalamu aliweka mkono wake mbele ya mrija na kutazama kivuli cha mifupa yake kwenye kioo, hadi kionekane vizuri. Kells alifanya hivyo kwa miaka mingi. Kwa kuwa mionzi haionekani wala haiumi inapopenya mwilini, hakutambua mapema madhara yaliyokuwa yakijilimbikiza.

Mwaka 1901, William Rollins, daktari wa meno wa Boston, alionesha kwa majaribio ya wanyama kuwa mionzi hiyo inaweza kuua. Alishauri mrija ufunikwe kwa kinga, lakini wengi walipuuza.

Kells alipata saratani ya mkono. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi. Alikatwa vidole, kisha kiganja, hatimaye mkono. Hata hivyo aliendelea kuandika na kuwaonya wenzake. Mwaka 1928, akiwa katika maumivu makali, alijitoa uhai.

Mashine za sasa hutoa mionzi michache mno ikilinganishwa na za enzi zake. Hata hivyo, mashine ya mkononi humweka mtumiaji karibu na chanzo cha mionzi. Kwa sababu hiyo, ngao inayozuia mionzi inayorudi haipaswi kuondolewa. Mtumiaji avae kipimo cha mionzi, asielekeze mashine kwa mtu asiyepigwa picha, wala asishike filamu kinywani mwa mgonjwa kwa vidole vyake. Wasiohusika wakae mbali, kwani umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi hupungua hadi robo. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na kwa mwananchi wa kawaida ni milisiverti 1.

Mwananchi anayepigwa picha ya meno ana haki ya kuuliza kama picha hiyo ni ya lazima, na kama mashine imekaguliwa na mamlaka husika.