Ambedkar, birika la maji na swali letu la ukoo

Mwezi wa Shaaban uliopita tuliketi kikao cha posa ya mtoto wa ndugu yangu. Kijana aliyeleta posa anaswali, ana kazi yake, na hakuna mtu mtaani aliyewahi kumtaja kwa ubaya. Washenga walizungumza kwa adabu, kahawa ikapitishwa, halua ikakatwa. Kisha mzee mmoja katika sisi akauliza nyanya yake mzaa baba alikuwa mtu wa wapi. Washenga wakatazamana. Jibu lilipotoka, chumba kizima kilijua kwamba mambo yamekwisha. Wiki ya pili tukapeleka ujumbe kwamba binti bado anasoma. Binti mwenyewe alimaliza chuo tangu mwaka jana.

Mimi ni ami yake. Nilikuwepo kikaoni na sikusema neno.

Siku hizo hizo nilikuwa nikisoma maisha ya Bhimrao Ambedkar wa India, tena kwa sababu nyingine kabisa. Kijana mmoja wa mtaani, ambaye husoma kila kitu kwenye simu yake, aliniuliza barazani inakuwaje watu wafuate mafunzo ya Buddha kama falsafa ya maisha, wala si kama dini. Hukumu ya jambo hilo niliwaachia masheikh, maana si elimu yangu. Kwa upande wa historia nilimuahidi nitamtafutia mtu mmoja aliyeipita njia hiyo akiwa na sababu nzito. Nilipomaliza kumsoma mtu huyo, niliona swali limenigeukia mimi.

Ambedkar alizaliwa tarehe 14 Aprili 1891 katika kambi ya kijeshi ya Mhow, India ya kati, mtoto wa 14 na wa mwisho kwa wazazi wake. Baba yake, Ramji Sakpal, alikuwa na cheo cha subedari katika jeshi la Waingereza, alijua kusoma na alitaka wanawe wasome. Lakini walikuwa Mahar, mojawapo ya jamii zilizowekwa chini ya matabaka yote, watu walioitwa wasioguswa. Cheo cha baba hakikubadilisha hilo. Shuleni mtoto alikalia gunia alilolibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Akishikwa na kiu hakuruhusiwa kugusa mfereji. Alingoja tarishi wa shule aje amfungulie. Siku ambayo tarishi hakuwepo, mtoto hakunywa maji.

Mwaka 1901, akiwa na miaka 9 hivi, alisafiri na ndugu zake kwa gari la moshi kwenda kumtembelea baba yao mahali alipokuwa akifanya kazi. Walikuwa wamevaa vizuri, na mkuu wa stesheni alizungumza nao kwa upole mpaka alipowauliza ni watu gani. Wakasema. Sura yake ikabadilika papo hapo. Wenye magari ya ng'ombe wakakataa kuwabeba, ila mmoja aliyekubali kwa nauli mara mbili, na kwa sharti kwamba watoto waendeshe wenyewe naye atembee kwa miguu kando ya gari. Chakula walikuwa nacho njiani, lakini maji ya kunywa hawakupewa na mtu. Mimi nilipofika hapo nilikumbuka namna sura zetu zilivyobadilika kikaoni.

Mwaka 1907 alipasi mtihani wa kumaliza shule huko Bombay, jambo lililokuwa nadra kwa mtoto wa Mahar. Watu wa jamii yake walimfanyia sherehe, na mwalimu na mwandishi mmoja, Keluskar, akampa zawadi ya kitabu alichokiandika mwenyewe kuhusu maisha ya Buddha. Basi Ubudha ulimfikia kwanza kama kitabu, akausoma kama msomaji. Ilimchukua karibu miaka 50 kuuamua.

Mfalme wa Baroda alimpa msaada wa masomo. Mwaka 1913 akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa mwanafalsafa John Dewey, kisha akaenda London kusoma uchumi na sheria. Mwaka 1917 msaada ulikwisha, akarudi Baroda kuutumikia ufalme kama mkataba ulivyotaka. Huko hakupata nyumba ya kupanga. Alijificha katika nyumba ya wageni ya Waparsi kwa jina la Kiparsi, mpaka siku ya 11 walipomjia watu wenye fimbo na kumwamuru aondoke. Msomi wa Columbia alikaa bustanini hana pa kulala, akapanda treni kurudi Bombay. Baadaye alirudi London, akawa wakili na daktari wa uchumi.

Hapo angeweza kujinyamazia na kula maisha yake. Hakufanya hivyo. Tarehe 20 Machi 1927 aliongoza maelfu ya watu mpaka bwawa la Chavdar katika mji wa Mahad. Manispaa ilikwisha pitisha kwamba bwawa ni la watu wote. Waislamu walichota, wanyama walikunywa, lakini wasioguswa hawakuthubutu. Ambedkar aliteremka akateka maji kwa kiganja akanywa, na umati ukanywa nyuma yake. Walipigwa siku hiyo hiyo. Kisha wenye mji wakalitia bwawa mavi na mkojo wa ng'ombe ili kulitakasa. Kesi juu ya bwawa hilo iliendelea miaka 10, na mwaka 1937 mahakama kuu ya Bombay iliwapa haki wasioguswa.

Mpaka hapa msomaji wangu Muislamu anaweza kutikisa kichwa na kushukuru kwamba sisi hatumo. Mimi pia nilishukuru. Kisha nikafika mwaka 1934.

Mwaka huo Ambedkar na wenzake wapatao 30 walikwenda kuitazama ngome ya Daulatabad, katika dola ya Nizam wa Hyderabad, mtawala Muislamu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Karibu na lango palikuwa na birika limejaa maji. Wasafiri walikuwa na vumbi la njia, wakanawa nyuso na miguu. Mara mzee mmoja Muislamu, mwenye ndevu nyeupe, akaja mbio akipiga kelele kwamba watu duni wamelinajisi birika. Waislamu wakakusanyika, maneno yakawa makali. Ambedkar aliwauliza kama hivyo ndivyo dini yao inavyofundisha, na kama wangemzuia asiguse maji lau yeye angesilimu. Hakujibiwa. Mwishowe waliruhusiwa kuingia ngomeni wakifuatwa na askari mwenye silaha, asije mmoja wao akagusa maji mengine ndani.

Sisi watu wa pwani tunalijua birika. Ni mahali pa udhu, na udhu hauulizi ukoo. Mzee yule alikuwa na saumu yake mdomoni, na pengine aliamini kwa dhati kwamba analinda usafi.

Mwaka uliofuata, 1935, katika mkutano wa Yeola, Ambedkar alitangaza kwamba kuzaliwa Mhindu hakukuwa hiari yake, lakini hatakufa Mhindu. Viongozi wa dini mbalimbali wakamwalika, Waislamu, Wakristo na Masingasinga. Alichunguza kwa zaidi ya miaka 20. Nisimsingizie: hakuukataa Uislamu kwa sababu ya birika la Daulatabad peke yake. Alisema wazi kwamba alitaka njia iliyoota katika ardhi ya India, asije akawatenga watu wake na nchi yao. Hata hivyo, katika kitabu chake kuhusu suala la Pakistan, cha miaka ya 1940, alionyesha kwa kutumia ripoti ya sensa ya 1901 kwamba Waislamu wa Bengal nao walijigawa: ashraf juu, ajlaf chini, na arzal chini kabisa, ambao wengine hawakutaka kuchanganyika nao. Alisoma mafunzo yetu, kisha akatazama mwenendo wetu, akaona havilingani.

India ilipopata uhuru mwaka 1947 alikuwa waziri wa sheria wa kwanza, na mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba. Katiba hiyo ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na kifungu chake cha 17 kilifuta hali ya kutogusana. Mtoto wa gunia akaandikia nchi nzima sheria. Lakini yeye alijua kwamba sheria inaweza kumlazimisha mtu akuachie maji, haiwezi kumfanya akuone ndugu. Tangu 1936, katika hotuba yake juu ya kuangamiza matabaka, ambayo waliomwalika waliifuta naye akaichapisha mwenyewe, alieleza kwamba dawa ya kweli ni watu kuoleana. Bila damu kuchanganyika, udugu utabaki maneno.

Tarehe 14 Oktoba 1956, katika mji wa Nagpur, akiwa mgonjwa wa sukari na miguu haina nguvu, aliingia Ubudha pamoja na mkewe Savita mbele ya mtawa mzee wa Burma. Kisha yeye mwenyewe akawaongoza watu waliokuja naye, laki kadhaa kwa siku moja, kula viapo. Tarehe 6 Desemba mwaka huo huo alifariki Delhi. Kitabu chake kikubwa kuhusu Buddha kilitoka 1957, yeye hayupo.

Hapa ndipo penye jibu la kijana wa barazani. Ubudha alioushika Ambedkar haukuwa na Mungu wala miujiza, na Buddha kwake alikuwa mwanadamu aliyefikiri. Aliyakataa mafunzo yasemayo kwamba mtu huzaliwa duni kwa makosa ya maisha aliyoishi zamani, kwa sababu aliona hiyo ndiyo hoja iliyotumika kumkalisha kwenye gunia. Hata kisa mashuhuri cha Siddhartha kuondoka jumba la kifalme baada ya kuona mzee, mgonjwa na maiti hakukikubali. Kwake yeye, Siddhartha aliondoka kwa sababu alikataa kupigana vita vya watu wa kabila lake na jirani zao wakigombea maji ya mto Rohini. Sijui msomaji mwingine angeliona vipi, lakini mimi naona maji yalimfuata mtu huyu mpaka kwenye kitabu chake cha mwisho.

Kilichobaki baada ya kuondoa hayo yote ni mambo matatu aliyoyarudia mara kwa mara: ufahamu, huruma na usawa. Pamoja nayo yako makatazo matano: kuua, kuiba, zinaa, uongo na ulevi. Aliyaona haya kuwa sheria ya mtu na mwenziwe, kwani mtu akiwa peke yake duniani hana haja nayo, na wakiwa wawili hawawezi kuishi bila hayo. Baadhi ya Wabudha walimlaumu kwamba ameubadilisha Ubudha wao. Na wale wanaodhani falsafa ni kitu cha kufungia kichwani au kutulizia roho jioni, yeye si mfano wao. Aliitaka falsafa inayoonekana mtu anapoomba maji, nyumba au mke.

Sensa ya India ya 2011 ilihesabu Wabudha milioni 8.4, wengi wao wa jimbo la Maharashtra na wa njia yake. Matabaka hayajakwisha. Lakini watu hao hawaamini tena kwamba waliumbwa duni, na hiyo si kazi ndogo kwa mtu mmoja.

Mimi ni Muislamu na sikumsoma Ambedkar ili nitafute dini nyingine. Yote aliyoyatafuta kuhusu usawa tunayo. Surat al-Hujurat inatufundisha kwamba mbora wetu ni mchamungu zaidi. Mtume, rehema na amani zimshukie, katika hija ya kuaga alitufundisha kwamba Mwarabu hamzidi asiye Mwarabu ila kwa taqwa, na Bilal, aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyeadhini. Watoto wetu wa madrasa wanayajua haya kwa moyo. Sisi ndio tunayafunga tunapofika kwenye posa, tukatoa neno kufu mfukoni. Najua mafakihi wamelijadili neno hilo kwa urefu, na wako waliotazama nasaba. Lakini tuseme kweli: siku ile hatukufungua kitabu cha fiqhi. Tuliuliza nyanya ni nani, tukasikia habari za utumwa wa miaka mia na zaidi iliyopita, tukafunga mlango. Dhambi ya utumwa ilikuwa ya aliyenunua, na sisi tunamtoza fidia mjukuu wa aliyenunuliwa.

Nilimwendea ndugu yangu baada ya Idi nikamwambia nililopaswa kulisema kikaoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama niko tayari kusimama mbele ya wazee na kulirudia. Nikamwambia niko tayari. Bado hajaniitia kikao. Washenga hawajarudi wala sina uso wa kuwalaumu. Binti nimemuomba ruhusa ya kuandika haya bila kumtaja, akaniambia niandike, lakini nisijitie ushujaa, kwa sababu siku yake nilinyamaza.

Ana haki. Na kijana wa barazani, jibu lako ndilo hili: mtu huyu alisoma miaka 50, na alichokitafuta ni mahali ambapo hataulizwa ukoo kabla ya kupewa maji. Wallahu aalam.