Mfalme wa Dhahabu Nyembamba

Sisi tuliokulia Kahama na Geita tunajua jambo moja kuhusu dhahabu: haisikilizi maneno. Mchimbaji anatoka duarani, anasaga mawe kwenye karasha, anachenjua, anachoma, halafu anafika kwa mnunuzi. Mizani ikisema gramu mbili, basi ni mbili, hata uwe na mdomo mtamu namna gani. Kuna mfalme wa China ambaye somo hilo lilimpita, ingawa mwandiko wake mpaka leo unaitwa Dhahabu Nyembamba.

Alizaliwa mwaka 1082, jina lake Zhao Ji, mmoja wa watoto wengi wa mfalme wa nasaba ya Song. Hakutarajiwa kutawala. Lakini mwaka 1100 kaka yake alifariki bila kuacha mrithi, kijana akakalishwa kitini. Historia inamwita Huizong.

Jamaa alikuwa na kipaji kwelikweli. Alichora ndege na maua, akaanzisha shule ya uchoraji, na akabuni mwandiko wake mwenyewe: mistari myembamba, mikavu, yenye ncha kali. Mwandiko huo akauweka kwenye sarafu. Wachina hawakugonga sarafu kwa nyundo kama wengine. Waliyeyusha shaba pamoja na bati na risasi, wakaimimina kwenye kalibu. Katikati palikuwa na tundu la mraba la kupitishia kamba, na kulizunguka herufi nne. Wapenzi wa sarafu wanazihesabu za Huizong kati ya nzuri kuliko zote.

Tatizo lilikuwa uzito. Kati ya mwaka 1102 na 1106, waziri wake Cai Jing alitoa sarafu kubwa zilizotakiwa kuhesabiwa kama kumi ndogo, wakati shaba iliyomo ilitosha kama tatu tu. Watu siyo wajinga. Wakayeyusha sarafu ndogo, wakatengeneza kubwa za bandia. Soko likavurugika, na hatimaye serikali yenyewe ikashusha kumi ikawa tatu.

Mfalme hakujifunza. Alisafirisha mawe ya ajabu kwa mashua kutoka kusini ili apambe bustani yake ya Kaifeng, na wananchi ndio waliobeba gharama. Mwaka 1120 wa kusini wakaasi. Huku kaskazini aliungana na Wajurchen kumpiga jirani. Jirani alipoanguka, wakamgeukia yeye. Alimwachia mwanawe kiti, lakini haikusaidia. Mwaka 1127 wote wawili walichukuliwa mateka pamoja na familia zao. Huizong alifia huko kaskazini ya mbali mwaka 1135.

Sarafu za Song zilitembea kuliko wafalme wake. Mwaka 1945, pale Kajengwa karibu na Makunduchi, Unguja, lilifukuliwa lundo la sarafu za China. 176 zilichunguzwa, na nyingi zilikuwa za nasaba hiyo. Aliyezificha huenda hakujua kusoma hata herufi moja. Alijua tu kwamba ni mali.

Hakuna anayebisha kwamba Huizong alikuwa msanii mkubwa. Lakini aliandika kumi juu ya shaba ya tatu, na raia ndio waliolipa saba zilizopungua. Uchaguzi wetu wa serikali ya wanafunzi ukifika, mabango yatakuwa na mwandiko wa kuvutia. Tusome, tusifie, halafu tulete mizani.